Picha Pacha za Jiwe la Kobe

Baba yangu alikuwa na wake wawili na mkasi mmoja, na kwa mkasi ule aliongoza nyumba zake kwa haki kuliko serikali yoyote niliyowahi kuishi chini yake. Alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwenye duka la Mhindi mmoja pale Singida mjini. Akipata kitambaa, kinakatwa mara mbili: kipande cha mama yangu, mke mkubwa, aliyekuwa kijijini upande wa Mtinko, na kipande cha mama mdogo aliyekaa mjini. Sabuni ya mche aliigawa kwa uzi, na kabla ya kuigawa aliipima kwa tepu ya ushonaji huku amefumba jicho moja. Kuna watu wa kwetu wanaoapa kwamba aliwahi kugawa mayai matatu sawasawa bila kupasua hata moja. Mimi sikuwepo, lakini siwezi kubisha.

Sasa mtu kama huyo ukimpa zawadi ya kitu kisichogawanyika, umemtafutia matatizo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Vitu vyote vilivyokuwa vimefungwa vilifunguliwa kwa mpigo mmoja. Jana unasukumana kwenye foleni ya kanga, leo nguo za Ulaya zinamwagwa chini sokoni kama mahindi, na fundi anayeshona suruali mpya anaonekana kama mtu anayetania. Mimi mwenyewe nilikuwa naziuza. Mchana namwaga mitumba, jioni naenda shule ya watu wazima, maana nilikuwa nimeacha masomo nikiwa mdogo na nilitaka kusoma hadi walimu waniombe niache. Baba hakuninunia. Alikuja kwenye meza yangu, akageuza koti, akaangalia mshono kwa ndani, akasema, "Aliyeshona hii alikuwa na haraka," kisha akaenda zake.

Tajiri wake hakuweza kushindana na soko. Akafunga duka, akahamia Dar es Salaam na familia yake, na siku ya kuagana akampa baba cherehani pamoja na boksi la picha. Zilikuwa za marehemu baba yake tajiri, mzee aliyependa mawe kama wazee wengine wanavyopenda wajukuu. Nyingine alizinunua enzi za mkoloni kutoka nchi za mbali: matao ya mawe, nguzo za mawe, jiwe limekaa juu ya jiwe kama mtungi kichwani. Nyingine alizipiga mwenyewe siku za Jumapili huko huko kwetu, kwa kamera ya macho mawili, akizunguka na baiskeli kwenye milima yetu ya mawe ambayo sisi tuliozaliwa nayo tulikuwa hatuna habari nayo. Kila picha ilikuwa kwenye kadi ngumu, na kila kadi ilikuwa na picha mbili ubavu kwa ubavu, zinafanana kama pacha. Ndani ya boksi kulikuwa na kitu cha mbao chenye mpini na vioo viwili vya kuchungulia. Baba akakiita darubini.

Ninyi mliozaliwa juzi hamjui. Wakati ule ukipiga picha ya pasipoti, unapewa karatasi moja yenye sura yako mara mbili au mara nne, unakwenda nyumbani unakata mwenyewe. Picha mbili zinazofanana kwenye karatasi moja zilikuwa na maana moja tu: kata. Na huyu alikuwa fundi, na alikuwa na wake wawili. Alikaa barazani kwa mara ya mwisho, akazikata kadi zote katikati, moja moja, kwa mkono usiotetemeka, akapanga mafungu mawili. Hakuangalia ipi ilikuwa kulia na ipi kushoto. Angeangalia ya nini, na zilikuwa sawa? Darubini nayo ikawa ya zamu, inasafiri kati ya Mtinko na mjini kama mgonjwa. Tuliweka ile nusu kadi mbele ya vioo tukachungulia, tukaona jiwe limekuwa kubwa kidogo. Tukaridhika. Tukasema Wahindi wana mambo, wametengeneza mashine nzima ya kukuzia mawe, kana kwamba yetu ni madogo.

Katika fungu la mama ilikuwemo picha ya Jiwe la Kobe.

Ni lazima niseme Kobe alikuwa nini. Lilikuwa jiwe moja, limelala, mgongo juu, kichwa kimechomoza upande mmoja, kubwa kuliko kanisa la misheni na boma ukiviweka pamoja. Mgongoni kwake wanawake walianika mtama na uwele, wakapura, wakapepeta. Mvua ikinyesha, kwenye mashimo ya mgongo wake yalibaki maji ambayo mbuzi waliyajua kuliko watu. Mbele yake lilikuwepo tembe la baba, nyumba ya udongo ya ndoa yake ya kwanza, kabla ya sisi kuhamishiwa kijiji cha barabarani na tembe kubomoka na majani kumeza kila kitu. Picha ilipigwa wakati tembe bado zima. Pembe moja ya paa lake ilionekana pembeni, halafu Kobe, halafu kando ya Kobe, katikati ya majani, rundo dogo la mawe meupe.

Mama aliitia picha ile kwenye sanduku la kanga zake. Hakuibandika ukutani, na sisi hatukumuuliza.

Mama akiulizwa amezaa wangapi, alisema saba. Sisi tulikuwa sita. Tukiwa wadogo tulidhani hajui hesabu, na mimi, mwerevu kuliko wote, niliwahi kuwapanga mbele yake kaka na dada zangu kwa mstari ili ahesabu vizuri. Alihesabu hadi sita, akasema, "Na mmoja," akaendelea kukoroga mlenda.

Yule mmoja alikuwa wa kwanza. Msichana. Alikufa kabla kitovu hakijapona, na mama akiwa bado kitandani. Wanaume walikwenda kumzika, mama mkwe akamfungia mama ndani, halafu akapelekwa kwao kuuguzwa. Aliporudi majani yalikuwa yamekwisha kuota. Kwenye nyumba ile kulikuwa na amri ya bibi: mtoto mchanga haliliwi na kaburi lake halionyeshwi kwa mama yake, asije akafunga njia ya wanaofuata. Mama alikuwa binti mdogo, aliyeolewa kwa watu. Alitii. Baba naye alitii, kwa sababu aliyeamuru alikuwa mama yake. Alitii mpaka kaburini. Bibi alipokuwa anakufa, alimwita mama peke yake akamwambia, "Tulimweka kwenye mawe meupe, kwa Kobe." Hakusema zaidi. Kwa Kobe. Ni kama kumwambia mtu mzigo wake uko Tabora.

Baba alifariki miaka michache baada ya kuzikata zile picha. Haukupita muda mrefu, ukaja mtambo wa kusaga kokoto.

Kila mtu alikuwa anajenga. Ruksa ilikuwa imeingia hata kwenye mawe. Watu wa mtambo walikubaliana na kijiji, wakaja na baruti na magari, na Kobe akawa wa kwanza kwa sababu alikuwa karibu na njia. Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano, akasema mwenye kaburi la mtu wake karibu na jiwe aje aonyeshe, upande huo utaachwa. Watu walionyesha makaburi ya wazee wao, yaliyojulikana. Mama alikaa kimya mkutano mzima. Jioni ile alitoa picha sandukuni akaniletea, mimi niliyekuwa nimetoka mjini kumsalimia.

"Wewe unasoma," alisema. "Niambie haya mawe meupe yako mbele ya Kobe au nyuma yake."

Nikaitazama picha ile hadi macho yakaniuma. Rundo lilikuwa pembeni ya jiwe, majani yamelifunika miguu. Ukisema liko huku mbele, ni kweli. Ukisema liko kule nyuma linachungulia, ni kweli pia. Tukaenda mahali penyewe. Mtu anayetafuta rundo la mawe meupe Singida ni sawa na anayetafuta tone la maji ziwani. Kila aliyewahi kulima pale alikuwa ameokota mawe shambani akayarundika. Mbele ya Kobe kulikuwa na marundo, nyuma yake kulikuwa na marundo.

"Mama," nikamwambia, "picha hii imenishinda. Ngoja niiulizie kwa wenyewe."

Mwenyewe aliyekuwa amebaki Singida alikuwa dada wa tajiri, mjane, amevaa sari nyeupe, anauza bizari na ubani kwenye chumba kimoja nyuma ya lile duka lao la zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe binti ya fundi. Una mdomo wa fundi kabisa. Umeleta nguo?"

"Nimeleta picha."

Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo uliokatwa. "Nusu yake iko wapi?"

"Nusu gani, mama? Hii ni picha nzima."

"Hii ni nusu. Nani amekata?"

"Baba. Alizigawa kwa nyumba mbili."

Akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha kweli akalia. "Fundi, fundi. Kaka yangu amempa macho mawili, yeye amegawia kila nyumba chongo."

Akanikalisha kwenye gunia la dengu akanifundisha. "Nyoosha kidole mbele. Fumba jicho hili. Sasa fumba hili. Unaona kidole kinaruka? Kila jicho linaona lake. Kamera ya baba yangu ilikuwa na macho mawili kama wewe. Ukiweka picha zote mbili kwenye ile darubini, kichwa kinaziunganisha. Unaona kipi kiko mbele, kipi kiko nyuma, kama umesimama pale pale."

"Hata kama ni rundo la mawe?"

"Hata kama ni unyasi."

Nilitoka pale naruka. Nusu nyingine ya Kobe ilikuwa kwa mama mdogo, na mama mdogo baada ya msiba alikuwa amehamia Shelui kufungua mgahawa wa madereva wa malori. Kesho yake nilipanda lori la vitunguu linalokwenda Nzega, tukateremka mlima wa Sekenke huku breki zinalia kama mke aliyeachwa, na mchana nilikuwa mlangoni kwake. Chapati za mama mdogo zilikuwa na sifa hadi Mwanza. Nilisikia kuna dereva aliyekataa kupandishwa cheo kwa sababu angebadilishiwa njia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko mjini hamli? Kaa hapo, usiseme kitu mpaka umeze."

Picha zake zilikuwa mbili tu ukutani, zimebandikwa kwa uji mzito wa ngano, juu ya meza. Kobe alikuwa mmojawapo, ameshika moshi, ukingo umeliwa na mende. Nilipomweleza nilichofuata, dereva aliyekuwa anakula akaingilia kati.

"Mama, ukibandua hilo jiwe, mimi nitakuwa nakula natazama nini?"

"Tazama sahani. Ndiyo iliyokuleta."

"Jiwe lenyewe linanisaidia kutafuna."

"Basi leo meza."

Kisha nikamwambia kwa nini. Alikaa kwenye benchi, kijiko cha kugeuzia chapati kikiwa mkononi. "Dada hakuwahi kuniambia," alisema. "Miaka yote ile. Tumelia misiba mingapi pamoja."

"Hata sisi hakutuambia. Tulijua kwa hesabu yake."

Aliinuka, akaleta maji ya moto na kisu. Akabandua taratibu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Kadi ilikataa kutoka. Ilitoka karatasi ya juu peke yake, kingo zimechanika pande zote. Akaikausha kwa upande wa kitenge chake, akaiweka ndani ya daftari safi.

"Mwambie dada nimeitunza vibaya. Sikujua ni ya mtoto."

Nikairudisha Singida mjini kwa fundi wa picha mwenye studio karibu na soko, atubandikie nusu zote mbili kwenye kadi moja. Nilikwenda na mama, aliyekuja kwa makusudi na amevaa kanga zake nzuri. Fundi akaziweka mezani: ile ya mama, safi, na ile ya Shelui, imechakaa.

"Ipi inakaa wapi?" nilimuuliza.

"Dada yangu, nimekata pasipoti za mkoa huu mzima. Picha ni ile ile. Hizi ni za nani?"

"Hii ya mke mkubwa, hii ya mke mdogo."

"Basi mmeshanijibu. Ya bi mkubwa inakaa kulia."

Nani angebisha? Mkono wa kulia ndio wa heshima. Hata kwenye picha za harusi bi mkubwa anakaa kulia kwa mume. Mama mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, na nadhani ilimpendeza. Fundi akapaka gundi, akabandika ya mama kulia na ya Shelui kushoto, akaibana chini ya kitabu kizito, na ilipokauka akaiweka kwenye darubini tuliyokuja nayo akampa mama.

Mama alichungulia muda mrefu. Aliisogeza ile kadi mbele na nyuma.

"Inanipa kizunguzungu," alisema.

"Macho yatazoea, mama. Hivi vya zamani ndivyo vilivyo," alisema fundi.

Nikachukua na mimi. Kweli kulikuwa na kitu. Haikuwa tena karatasi. Kulikuwa na kina ndani yake, kama unachungulia kisimani. Majani yalikuwa yamejipanga ajabu, na pembe ya paa la tembe ilikuwa imezama mbali kama imesusa. Lakini mimi sikutafuta paa. Nilitafuta mawe meupe, na mawe meupe yalikuwa kule ndani, mbali, nyuma ya Kobe. Hakuna aliyeweza kubisha.

"Yuko nyuma," mama alisema.

Kesho yake tulikwenda. Nyuma ya Kobe, karibu na mkia wake, tulikuta rundo la mawe meupe ambalo tulikuwa tumelipita mara ya kwanza. Mama alipiga magoti, akang'oa majani kwa mikono, akapangusa kila jiwe kwa kanga kama anayemwogesha mtu. Alisema naye kwa Kinyaturu, kwa sauti ya chini, na sikusogea karibu kusikiliza kwa sababu yale yalikuwa mazungumzo ya watu wawili. Nilipanda minyaa kuzunguka, iwe uzio wa kaburi. Mwenyekiti wa kijiji akaja na msimamizi wa mtambo, wakaonyeshwa, wakaandika. Msimamizi alikuwa kijana mpole. Alivua kofia.

"Upande huu hatuugusi, mama. Na huku mbele, penye tembe la zamani? Huku hamna kitu?"

Mama alisimama akajikung'uta vumbi magotini. Alikuwa mwepesi siku ile. Nilikuwa sijapata kumwona mwepesi hivyo.

"Huku hakuna mtu wangu," alisema. "Vunjeni."

Wakavunja. Baruti ya kwanza ilisikika hadi sokoni Singida, au labda nilidhani nimeisikia. Kichwa cha Kobe kilikwenda kwanza, kisha ubavu wa mbele, kisha ule uwanja wote wa tembe ukachimbwa hadi kwenye mwamba wa chini, mtambo ukisaga mchana kutwa, magari yakishindana. Kokoto za Kobe zilikwenda kila mahali: shule, zahanati, maduka mapya yenye mabati ya rangi. Mama alikuwa anakwenda kwenye minyaa yake kila wiki, anafagia. Aliacha kusema saba kwa ule uchungu. Alisema saba kama watu wengine wanavyosema saba.

Mama mdogo alikuja kuhani kaburi kiangazi kilichofuata. Ndivyo alivyosema, amekuja kuhani, ingawa msiba ulikuwa wa zamani kuliko ndoa yake. Alileta kuku wawili, unga, na nusu picha zake zote zilizobaki, ambazo kumbe hakuwahi kuzibandika, zilikuwa kwenye sanduku lake bado na kadi zake ngumu.

"Nimezirudisha," alimwambia mama. "Tuziunganishe zote, dada. Huyu mume wetu alitukata vya kutosha."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Tukakaa ukumbini na mafungu mawili, tunatafuta pacha na pacha wake, kama mchezo. Zile za nchi za mbali, tofauti na za kwetu, zilikuwa na pembe za mviringo kwa nje, kwa hiyo hukuweza kukosea: mviringo nje, alipokata baba ndani. Tuliweka bila gundi. Mama mdogo ndiye aliyechungulia kwanza, kwenye lile tao kubwa la mawe la nchi nisiyoijua.

Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi. "Mama wee. Linatoka. Linakuja huku. Ninaweza kupita chini yake."

Mama akachukua, akatazama. Kisha akasema:

"Hii haikai kama ile yetu."

Nilichukua darubini. Tao lilikuwa mbele, limesimama, na mbingu ilikuwa nyuma yake mbali, na jiwe dogo lilikuwa karibu na mimi kiasi cha kuliokota. Hapakuwa na kizunguzungu. Nikakaa na ile kadi. Sijui nani aliyeniongoza mkono. Nikazibadilisha zile nusu: ya kulia nikaiweka kushoto, ya kushoto kulia. Nikachungulia tena. Tao likawa shimo. Mbingu ikaja mbele, imening'inia kama shuka, na lile jiwe dogo la karibu likawa limekwenda mbali kabisa, nyuma ya kila kitu.

Mama mdogo aliniuliza kama nimeona nyoka.

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Walimu wa shule ya jioni walikuwa wananiombea likizo ili wapumzike.  Lakini siku ile nilikuwa najiuliza jinsi ya kuficha kwamba ile ya Kobe tuliibandika kinyume, na nilikuwa sijamaliza kujiuliza wakati mama aliponyoosha mkono.

"Lete ile ya Kobe," alisema. "Na wembe."

Hakuwa amesoma hata darasa moja, lakini alikuwa ameniangalia nikibadilisha zile nusu, na alikuwa ameniangalia uso. Alipitisha wembe katikati ya kadi mwenyewe. Ile yake akaiweka kushoto, ya Shelui akaiweka kulia, akazishikilia kwa vidole, akainua darubini usoni.

 Mama mdogo alikuwa ananiangalia mimi, mimi naangalia mikono ya mama. Mkono mmoja ulibaki umeshika. Ule mwingine ukaachia, ukanyooka mbele taratibu, vidole vimefunguka, ukawa unatafuta hewani mbele yake, chini kidogo, mahali mtu anapoweka mkono akitaka kugusa kichwa cha mtoto anayetambaa. Ulitafuta, ukakuta hewa, ukatafuta tena.

"Yuko mlangoni," alisema mama. "Kwenye njia ya maji. Nilikuwa nampita kila asubuhi na mtungi."

Mama mdogo alimkumbatia kwa nyuma. Mama hakuitoa ile darubini. Alikaa nayo hadi kivuli cha nyumba kikafika miguuni mwetu, na tulipomletea chakula alisema tule sisi, yeye bado anatazama. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa anaonyeshwa lile kaburi.

Siku zilizofuata sikuthubutu kuzungumzia minyaa, mpaka nilipoona kachukua fagio na anaondoka kama kawaida.

"Mama, kule hakuna mtu," nilimwambia.

"Unajuaje? Mawe hayajirundiki yenyewe. Kama yuko wa mtu, na afagiliwe."

Lililobaki lilikuwa langu mimi. Mitumba ilikuwa imenipa kiwanja pale Singida mjini, na vyumba viwili vya tofali za kuchoma, na sakafu ya saruji niliyoringia kama nimejenga ikulu. Kokoto za sakafu ile zilitoka kwenye mtambo wa Mtinko. Zilitoka ubavu wa mbele, alikokuwa mtoto. Niliziagiza mwenyewe, kwa kuwa zilikuwa karibu na nzuri. Mama aliposema anakuja kunitembelea, nilikwenda kwa fundi wa ujenzi nimwombe aibomoe sakafu kabla mama hajafika, nimwage nyingine ya mawe ya upande wa Mkiwa. Fundi aliniona nimechanganyikiwa. Kabla hajaanza, mama akawa ameshafika na kifurushi chake, akanikuta nimeondoa vitu vyote chumbani.

Nilimwambia. Sikuwa na njia nyingine.

Alisimama mlangoni na ndala zake, anaitazama sakafu. Kisha alivua ndala, akaziacha nje, akaingia.

Nilikuwa nimemnunulia kitanda cha mninga na godoro jipya, kitu ambacho ukoo wetu mzima ulikuwa haujawahi kulalia. Alinishukuru, akasifu mbao. Halafu akaomba mkeka. Nikamwambia saruji ni baridi, atapata kichomi. Akasema ataweka kanga mbili. Akautandika mkeka pale katikati ya chumba, akalala kwa ubavu, kiganja kimelala sakafuni nje ya mkeka, na nilipozima taa kilikuwa bado kiko pale.